Tai Rodi Haifi Bure: Ushauri kwa Mwenye Pikapu

Mafundi wa miguu wana wateja wasiokauka, nao ni wenye pikapu. Mtu amebadilisha tai rodi mwezi wa pili. Mwezi wa tano yuko tena gereji kwa fundi yuleyule, kwa mlio uleule, analalamika kwamba spea za siku hizi hazina maana. Pengine ni kweli spea ilikuwa mbovu. Lakini mara nyingi ilikuwa nzima, ila ilifungwa kwenye gari ambalo tayari lilikuwa na jambo lililoua ile ya kwanza. Ya pili nayo ikafa kifo hichohicho.

Pikapu ni gari la kazi. Inabeba saruji, viazi, madumu ya maziwa na watu, na nyingi hupita mahali ambapo gari dogo halithubutu. Kwa hiyo hakuna anayetegemea miguu yake idumu kama ya gari la mjini linaloshinda kwenye lami. Hata hivyo, boljointi na tai rodi zikikataa kumaliza hata mwaka mmoja, hilo si suala la barabara mbaya peke yake. Kabla ya kuuliza bei ya nyingine, uliza kwanza kilichoziua. Ushauri wote unaofuata umejengwa juu ya swali hilo moja.

Jua kilichoko uvunguni

Pikapu hazifanani chini. Hilux kuanzia toleo la mwaka 2005, na pikapu nyingine nyingi za kizazi cha karibuni, hutumia reki ya stelingi. Ndani ya reki kuna fimbo yenye meno inayosogea kushoto na kulia unapozungusha usukani. Kila upande una tai rodi ya ndani, iliyofichwa kwenye mpira wenye mikunjo, na tai rodi endi ya nje inayoshika gurudumu.

Hilux za zamani zaidi zenye sasipensheni huru mbele, pamoja na Nissan Hardbody, hutumia boksi la stelingi. Boksi husukuma mkono wa pitimani, mkono husukuma fimbo ya kati, na upande wa pili fimbo hiyo inashikwa na aidila. Tai rodi za kulia na kushoto zinatoka hapo. Maungio ni mengi, na kila moja likilegea kidogo tu, jumla yake unaihisi mkononi: stelingi inacheza, na gari linahitaji kurekebishwa kila wakati ili lishike njia.

Land Cruiser 79 ni jambo jingine. Ina ekseli nzima mbele, na tangu mwaka 1999 ekseli hiyo imekalia springi za koili. Ina fimbo mbili ndefu za stelingi, demper ya stelingi, na beringi za kingipini juu na chini kila upande pale gurudumu linapogeukia. Beringi hizo zikilegea, gari likipiga shimo kwenye mwendo linaweza kuanza kutetemeka kwa nguvu hadi dereva akose pa kushika. Wengi hukimbilia kubadilisha demper. Demper mpya hutuliza mtetemo kwa muda, lakini inafunika ugonjwa, haiutibu.

Ukishajua gari lako liko kundi gani, fundi hawezi kukuuzia kitu ambacho gari lako halina.

Pima kabla ya kununua

Dalili zinajulikana: stelingi inacheza, gari linavuta upande, usukani unatetema, kuna mlio wa "ko-ko" unapokata kona au kupita tuta, na matairi yanaliwa upande. Dalili hizi zinakuambia kuna kasoro, hazikuambii ni wapi. Gari linaweza kuvuta upande kwa sababu ya upepo wa tairi tu. Kwa hiyo pima, na upimaji wenyewe hauhitaji mashine.

Kwanza, gari likiwa chini kwa uzito wake wote, mtu mmoja akae kwenye usukani, injini iwake kama stelingi ni ya pawa, gia iwe huru na breki ya mkono ivutwe. Atikise usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, bila kugeuza magurudumu. Wewe chungulia kutoka pembeni ukiangalia kila ungio kwa zamu. Ungio zima husogea pande zote mbili kwa pamoja. Lililokufa utaona upande mmoja unatangulia na mwingine unafuata. Usiweke vidole katikati ya fimbo zinazosogea.

Pili, nyanyua mguu wa mbele. Kwenye pikapu ambayo springi ya koili imekalia mkono wa chini, weka jeki chini ya mkono huo, karibu na gurudumu, ili boljointi isibanwe na springi. Ikibanwa, ulegevu unajificha. Weka stendi imara, na zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au kabari. Usitegemee jeki peke yake. Shika tairi kushoto na kulia ulitikise: likicheza, angalia tai rodi. Kisha lishike juu na chini: likicheza, ni boljointi au beringi ya gurudumu. Kuzitofautisha, mwambie mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Ulegevu ukipotea, shida iko kwenye beringi. Ukibaki, ni boljointi, au kingipini kwa wenye ekseli nzima.

Tatu, soma tairi. Pitisha kiganja juu ya meno yake kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kwenda ndani. Ukihisi upande mmoja ni laini na mwingine una kingo kali, magurudumu hayaelekei sambamba, na tai rodi zako zinafanya kazi ya kuyaburuza. Tairi lililoliwa pande zote mbili na kubaki katikati linaonyesha upepo mdogo. Lililoliwa upande mmoja tu linaonyesha gurudumu limeinama, ama kwa mkono uliopinda, ama kwa bushi zilizokwisha, ama kwa boljointi.

Kilichoua ni nini?

Anza na rimu na matairi, maana hapo ndipo wenye pikapu wengi hujiumiza kwa hiari yao. Chukua Hilux iliyotoka kiwandani na tairi la 265/65R17. Kipenyo chake ni kama milimita 776. Ukiifunga 285/70R17, kipenyo kinafika kama milimita 831. Tairi limekuwa refu, pana na zito kuliko lile lililokusudiwa. Ukiongeza rimu zilizotoka nje au spesa, gurudumu linakaa mbali zaidi na mahali linapogeukia, na kila shimo linapata mkono mrefu wa kulivuta gurudumu. Nguvu hiyo inaishia kwenye tai rodi, boljointi, beringi na reki. Kama umeshafanya hivyo na unapenda muonekano, kubali pia kwamba miguu itakaguliwa na kubadilishwa mapema. Kama unataka idumu, rudi kwenye kipimo cha kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Kunyanyua gari kuna hesabu yake. Sasipensheni huru ikiinuliwa, mikono inainama kuelekea chini na tai rodi zinakaa kwa pembe kali. Ungio linafanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake, na mpira wake unavutika muda wote hadi unachanika. Kwa Land Cruiser yenye ekseli nzima, kuinua hugeuza pembe ya ekseli, na usukani unapoteza tabia ya kujirudisha katikati. Zipo bushi maalumu za kusahihisha pembe hiyo, na anayeinua gari bila kuziweka ameacha kazi nusu. Bampa la chuma na winchi navyo huongeza uzito mbele, juu ya boljointi zilezile.

Mzigo una madhara yake hata ukiwa nyuma. Pikapu nyingi za aina hii zimeundwa kubeba kiasi cha tani moja, na watu walioko ndani wanahesabiwa humo. Ukizidisha, hasa kwa kupanga mzigo nyuma ya ekseli, nyuma inaketi na mbele inainuka. Magurudumu ya mbele yanapoteza mkao wake, gari linaelea kwenye mwendo, dereva anarekebisha usukani kila dakika. Panga vizito karibu na kabini na vyepesi nyuma.

Halafu kuna barabara za changarawe zilizojikunja kama bati. Tatizo lake ni kurudiarudia: kila kikunjo ni pigo dogo, na ukiendesha saa nzima umeyapiga maelfu. Shokapu zikiwa nzima hula sehemu kubwa ya mapigo hayo. Zikiwa zimekufa, gurudumu linarukaruka na pigo linakwenda moja kwa moja kwenye maungio. Kwa hiyo mtu anayebadilisha tai rodi mara mbili huku shokapu za mbele zinavuja mafuta anatibu mahali pasipouma. Kwenye barabara hizo punguza mwendo, na usijaze upepo mwingi kupita kiasi kwa kudhani tairi gumu ni tairi imara. Tairi gumu halimezi kitu.

Muuaji mdogo kuliko wote kwa umbo ni tundu kwenye mpira wa vumbi. Boljointi na tai rodi endi ni mpira wa chuma unaozunguka ndani ya kikombe chenye grisi, umefungiwa na kifuniko cha mpira. Kifuniko kikichanika, vumbi na maji vinaingia, grisi inageuka msasa, na ungio jipya linaisha haraka. Maungio mengi ya siku hizi yamefungwa moja kwa moja na hayana mahali pa kuingizia grisi, kwa hiyo kifuniko ndicho uhai wake wote. Waambie wanaoosha gari wasielekeze mashine ya presha kwenye mipira hiyo. Na ukiona mpira wenye mikunjo wa reki umechanika, ubadilishe wiki hiyohiyo. Mpira ni bei ndogo. Reki si bei ndogo.

La mwisho ni tabia ya dereva. Kukata stelingi huku gari limesimama kabisa kunalazimisha tairi lisuguane na ardhi mahali pamoja, na nguvu yote inapita kwenye fimbo. Hili si la kubahatisha. Mwaka 2004 kampuni ya Toyota iliita nchini Japani Hilux na Hilux Surf zaidi ya 330,000, za kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990, kwa sababu fimbo ya kati ya stelingi ingeweza kuchoka, kupata ufa na kukatika. Mwaka 2005 ikaita magari mengine karibu milioni moja nchini Marekani kwa kasoro hiyohiyo. Fimbo hizo zilikuwa na udhaifu wake, lakini kilichozichosha, kwa maelezo yaliyotolewa, ni kugeuza usukani mara kwa mara gari likiwa limesimama, kama vile wakati wa kuegesha. Surf za Japani zimeingia kwa wingi Afrika Mashariki zikiwa mitumba. Mwenye gari la umri huo asafishe fimbo hiyo na kuitazama kwa tochi. Ikiwa na ufa, gari lisitembee.

Kwa gari lolote, acha lisogee kidogo ndipo ukate stelingi. Ukifika mwisho wa kona, rudisha usukani kidogo. Usiushikilie pale huku pampu ya pawa inalia.

Ufungaji ni nusu ya spea

Spea nzuri inaweza kuuawa siku ya kufungwa. Yapo mambo manne ya kumsimamia fundi, kwa heshima, lakini bila kuondoka.

Moja, bushi za mikono. Boliti zake zikikazwa wakati gari linaning'inia kwenye jeki, mpira wa bushi unashikwa katika mkao huo. Gari likishuka, bushi inasokoteka muda wote na kupasuka mapema. Boliti zikazwe mkazo wa mwisho gari likiwa limesimama kwa miguu yake, kwa uzito wake wa kawaida.

Mbili, nati. Shina la tai rodi endi linaingia kwenye tundu jembamba upande mmoja na pana upande mwingine, na vyote viwili lazima viwe visafi, visivyo na grisi wala kutu. Nati ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha gari hilo. Kama ni nati yenye vijino, tundu la pini lisipolingana, kaza zaidi kidogo hadi lilingane, usilegeze. Pini iwe mpya kila mara, na nati inayojifunga yenyewe isirudiwe.

Tatu, nyundo. Ungio bovu linaondolewa kwa nyundo na hakuna hasara. Lakini nyundo hiyohiyo ikigonga karibu na boljointi nzima, mpira wake unachanika na wiki mbili baadaye unarudi gereji. Fundi makini ana kivutio cha kuchomolea.

Nne, alaimenti. Ukigusa tai rodi, magurudumu yamepoteza mwelekeo, hata kama fundi amehesabu mizunguko ya nati. Alaimenti ya kamba inaweza kukufikisha nyumbani, kwani inarekebisha mwelekeo wa magurudumu kwa kiasi. Haiwezi kukuonyesha mguu ulioinama wala pembe ya kingipini. Nenda kwenye mashine, na uende baada ya maungio yote mabovu kubadilishwa, si kabla. Alaimenti inayofanywa juu ya boljointi iliyolegea itapotea ukitoka tu getini. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada.

Ukiwa dukani

Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, utaonyeshwa tai rodi moja kwa bei nne tofauti. Boksi zuri halithibitishi kitu. Boksi ni karatasi. Nenda na spea ya zamani na namba ya chasi. Linganisha urefu, unene wa shina na nyuzi za nati. Shika shina la spea mpya ulizungushe: liwe gumu kiasi na lisogee kwa ulaini ule ule pande zote. Likiyumba kwa kidole au likikwama mahali, rudisha. Mpira wa vumbi uwe laini usio na nyufa, na umekaa sawasawa kwenye shingo yake.

Boljointi na tai rodi za mitumba usinunue. Mlango, taa au kioo cha mtumba kinaweza kukufaa miaka mingi, lakini ungio la mtumba limeshatumia sehemu ya maisha yake, na hakuna anayejua ni kiasi gani. Boljointi ya chini ikichomoka, gurudumu linalala ubavuni gari likiwa mwendoni, na usukani hauna kazi tena.

Bajeti ikibana, usigawe fedha nusu nusu kwa spea duni za kila mahali. Anza na boljointi za chini na tai rodi endi, nunua zilizo bora, badilisha kulia na kushoto kwa pamoja kama upande wa pili nao umechoka, kisha shokapu, kisha bushi.

Ratiba ya mwenye pikapu

Kila wiki, pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa baridi. Kila gari linapobadilishwa oili, fundi ashike mipira yote ya vumbi kwa mkono, aangalie mpira wa reki, aangalie kama shokapu zinavuja, na aweke grisi penye mahali pake. Kila baada ya safari ya barabara mbovu au kupiga shimo kubwa, tazama kama usukani bado umekaa katikati gari likienda moja kwa moja. Na kila tai rodi inapobadilishwa, andika kwenye daftari tarehe, kilomita, upande na aina ya spea. Ukurasa mmoja wa daftari hilo utakuonyesha kitu ambacho fundi hawezi kukumbuka: kwamba upande wa kushoto unakufa mara mbili zaidi ya kulia, au kwamba shida ilianza mwezi ule ulipofunga rimu mpya.

Fundi akikuambia tai rodi imekufa, usimpe fedha mara moja. Mwombe akuonyeshe inavyocheza, halafu muulize imekufa kwa nini. Akiwa na jibu, mpe kazi. Akisema "ndivyo zilivyo", tafuta fundi mwingine, maana huyo atakubadilishia spea mwaka mzima na kilichoziua kitabaki chini ya gari lako.